Wajane wa Yafa Walishika Nguo Mkononi

Andiko la somo: Matendo ya Mitume 9:36–42. Soma pia Matendo 12:1–11 na Waebrania 11:32–40.

Kabla ya kuendelea, fungua Biblia yako usome ile mistari saba ya Matendo 9. Si mirefu, hata ukisoma polepole haifiki dakika mbili. Mimi nitaieleza tu kwa maneno yangu.

Kule Yafa, mji wa bandari, kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa Tabitha. Kwa Kiyunani jina lake ni Dorkasi, yaani paa, yule mnyama wa mbio. Luka anasema alikuwa mwanafunzi, na kwamba alijaa matendo mema na sadaka. Hapa kuna jambo ambalo Biblia yetu ya Kiswahili haiwezi kulionyesha, maanake kwetu mwanafunzi ni mwanafunzi, awe mvulana au msichana. Kwa Kiyunani maneno ni mawili. Na katika Agano Jipya lote, lile neno la mwanafunzi wa kike limetumika mara moja tu, na ni hapa, kwa mama huyu mshonaji.

Siku zile akaugua, akafa. Luka mwenyewe alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14), lakini hatuambii ulikuwa ugonjwa gani. Wakamwosha, wakamlaza orofani. Wakasikia Petro yuko Lida, karibu hapo, wakatuma wanaume wawili wamwambie asikawie. Petro akaja, akapandishwa juu, na huko akawakuta wajane. Wanalia, na wanamwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa bado pamoja nao.

Nimesikia somo hili likihubiriwa mara nyingi, na wahubiri wengi hukimbilia magoti ya Petro na yale macho yaliyofunguka. Ni sawa, muujiza ni muujiza. Lakini leo naomba tukae kwanza na wajane. Nina sababu. Mwaka jana tulimzika mama yangu mzazi, ambaye wengi wenu mlimwita Sista, na tangu siku ile nimeulizwa swali moja usoni, kwa simu, na hata kwa kunong'onezewa nyuma ya hema la matanga: kama Dorkasi alirudishwa na alikuwa mtu wa matendo mema, mbona Sista hakuponywa? Mchungaji aliniomba nilifundishe somo hili mimi mwenyewe. Nilikubali, kwa sababu naona swali hilo linawatesa wengine zaidi yangu.

Walichoshika mkononi

Siku hizi historia ya marehemu inachapishwa kwenye karatasi ya kung'aa. Picha mbele, kisha amezaliwa mwaka fulani, mtoto wa tatu wa fulani, alisoma hapa, akafanya kazi pale, ameacha watoto na wajukuu, aliugua kwa muda, daima tutamkumbuka. Ukibadilisha jina na picha, karatasi hiyo inamtosha mtu mwingine kabisa. Hata sisi tulichapisha ya mama, wala sioni ubaya. Lakini wajane wa Yafa hawakuwa na karatasi. Mmoja alikuwa na kanzu. Mwingine labda alikuwa na nguo ya mtoto wake. Hawakusema ati Dorkasi alikuwa mkarimu. Walisema, hii ameshona yeye, tazama mshono. Petro angeweza kuigusa.

Na ukumbuke mjane wa siku zile alikuwa nani. Mume hayupo, mwenye kumtetea mlangoni pa mji hayupo. Nguo haikuwa ya kununua sokoni mtumba kwa shilingi hamsini. Uzi ulisokotwa kwa mkono, kitambaa kikafumwa kwa mkono, kanzu moja ilikuwa kazi ya siku nyingi. Ndiyo maana torati iliagiza kwamba ukichukua vazi la maskini kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijatua, kwa kuwa usiku hana kingine cha kujifunika (Kutoka 22:26–27), na vazi la mjane hukuruhusiwa kulichukua rehani hata kidogo (Kumbukumbu la Torati 24:17). Kwa hiyo wale mama walipoinua nguo zao mbele ya mtume, walikuwa wanainua usingizi wao, heshima yao, na mtu aliyewaona wakati wengine wamewapita.

Sasa niwaambie nilichokiona mimi nyumbani kwetu ile wiki ya matanga.

Mama alifanya kazi ya uuguzi miaka 31, na 22 kati ya hiyo alikaa kwenye zahanati moja ya kijijini, upande wa Trans Nzoia. Wengi walimwita daktari ingawa kila mara aliwasahihisha. Jumatano jioni, tukiwa tumekaa nje na moto umewashwa, akaingia mama mmoja simjui, ametembea kutoka mbali, viatu vimejaa matope. Hakuwa na mchango wa pesa. Akafungua mfuko wa plastiki, akatoa kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kimechakaa, jalada limeshikwa kwa selotepu. Akanionyesha ukurasa wa chanjo. Wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, miezi 9. Yote kwa mwandiko wa mama, ile herufi yake ya kulala upande. Akasema, "Huyu ako Form Three sasa." Basi. Hakusema kitu kingine, akakaa chini akalia.

Kesho yake wakaja wengine na vitabu vyao. Wengine walikuwa na kadi za zamani, zile za karatasi ngumu. Halafu vijana wa kwaya, wakati wa kesha, mmoja akakunja mkono wa shati la kushoto akaonyesha alama ya BCG kwenye kigasha, ile ndogo ya mviringo, akasema hii ni ya Sista. Wengine nao wakakunja. Mnajua chanjo hiyo mtoto hupewa akiwa mchanga kabisa, ya kumkinga na kifua kikuu, na ikipona huacha kovu. Vijana kama 20 hivi wamesimama mbele ya jeneza, mikono imekunjuliwa kwenye mwanga wa stima. Nilikuwa nimelisoma Matendo 9 tangu Shule ya Jumapili. Usiku huo ndipo nilipowaona wale wajane.

Nataka wanangu, na watoto wenu, wajue kazi yenyewe ilikuwaje, kwa hiyo nitaieleza kidogo. Friji ya zahanati ilikuwa ya gesi. Humo ndimo zilimokaa chanjo, pamoja na ile sindano anayodungwa mama akishajifungua ili damu isimwagike, kwa sababu nayo ikipata joto inaharibika. Gesi ikikaribia kuisha na ya kaunti ndogo haijaletwa, mama alizipanga chanjo kwenye kibebeo cha baridi, akapanda boda boda kuzipeleka kituo kingine chenye stima. Ndani ya ile safari ya mvua na utelezi ndimo watoto wengi wa kijiji walimoponea polio na surua, na wao hawajui.

Kabla ya Juni 2013 kujifungua katika hospitali za umma hakukuwa bure. Kuna mama waliokuwa wakizuiliwa wodini na watoto wao mpaka mtu aje alipe. Mama akimpa mgonjwa barua ya kwenda hospitali kubwa, alimuuliza kwanza kama nyumbani kuna kitu. Mara nyingi hakukuwa na kitu. Tulijua tu kwamba mwezi huo nyumbani hakutakuwa na nyama. Na ule mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliochukua karibu miezi mitano tangu Juni, yeye pia aligoma, alikuwa mwanachama na aliona madai ni ya haki. Mchana alikuwa na wenzake. Usiku mlango wetu uligongwa. Hakuwahi kumrudisha mtu. Asubuhi mimi na ndugu yangu ndio tuliofua zile shuka.

Nyumbani hakuwa malaika, wapendwa, naomba msinielewe vibaya. Alikuwa mkali. Ukila bila kunawa mikono unainuliwa mezani hata kama wageni wapo. Saa yake ilibandikwa kifuani kichwa chini, kama wauguzi wa zamani walivyofanya, na ukisema unaumwa hakuuliza kitu, alishika kwanza kifundo cha mkono wako akaiangalia hiyo saa. Midomo inacheza, anahesabu. Nimepimwa mapigo ya moyo mara nyingi kuliko nilivyokumbatiwa, na sijui kama kwake kulikuwa na tofauti.

Shifra, Pua na Debora

Kuna watu hudhani kazi kama hii haina nafasi kubwa katika Neno, ati nafasi ni ya manabii na wafalme. Hebu fungua Kutoka 1. Farao wa wakati ule, mwenye majeshi na miji ya hazina, jina lake halikuandikwa. Wanaitwa Farao tu. Lakini wakunga wawili waliokataa kuwaua watoto wa kiume wa Kiebrania majina yao yapo, Shifra na Pua, mstari wa 15. Mstari wa 21 unasema Mungu aliwajengea nyumba hao wakunga kwa sababu walimcha.

Halafu Mwanzo 35:8, mstari ambao wengi tunaupita mbio tukielekea kwa Yakobo kupewa jina la Israeli. Debora, mlezi wa Rebeka, anakufa njiani. Ni mtumishi, mwanamke mzee, si wa ukoo. Wanamzika chini ya mwaloni karibu na Betheli, na mti ule unaitwa Alon-bakuthi, maana yake mwaloni wa kulia. Kifo cha Rebeka mwenyewe hakikusimuliwa popote katika Mwanzo; tunatajiwa tu mahali alipozikwa, huko mwishoni mwa kitabu. Lakini mlezi wake aliliwa machozi mpaka mti ukapata jina. Roho Mtakatifu aliona vyema mstari huo ubaki.

Sasa swali

Nitalisema wazi kama nilivyoambiwa. Ndugu mmoja, na simtaji kwa sababu nampenda na tumeshasameheana, alisimama kwenye kesha akasema Sista angekuwa na imani timilifu angeinuka kitandani, na kwamba zile dawa ndizo zilizomfungia Mungu mlango. Mwingine alitaka mwili usitolewe mochari, tufunge siku tatu kwanza. Najua walisema kwa uchungu. Lakini maneno ya namna hiyo yanaachwa kwa familia kama mwiba, na watoto wa marehemu wanakaa nayo miaka. Kwa hiyo tuyapime kwa Neno.

Mimi ni Mpentekoste. Naamini Yesu anaponya leo. Katika kanisa hili nimeona mtoto ambaye madaktari walikata tamaa akirudi nyumbani akitembea, na wazazi wake wako nasi kila Jumapili. Sifundishi somo hili ili kupunguza imani ya mtu yeyote katika uponyaji.

Lakini soma Matendo yote, usichague kurasa. Sura ya 7, Stefano anapigwa mawe. Sura ya 8 mstari wa 2, watu watauwa wanamzika na kumfanyia maombolezo makubwa. Petro alikuwa hai wakati huo, tena Yerusalemu palepale. Hatusomi kwamba alikwenda kumfufua Stefano, wala hakuna aliyesema Stefano alikosa imani. Sura ya 9, Dorkasi anafufuliwa. Sura ya 12, Herode anamuua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga, mstari wa 2. Mistari michache baadaye malaika anamtoa Petro gerezani usiku. Sura moja, kanisa moja, Mungu mmoja. Nimesikia wakisema ati kanisa lilimwombea Petro na halikumwombea Yakobo. Biblia haijasema hivyo, na mimi naona si haki kulibebesha kanisa la Yerusalemu damu ya Yakobo ili hesabu zetu zitoke sawasawa.

Elisha je? Huyu ndiye aliyeomba sehemu maradufu ya roho ya Eliya akapewa. Aliyemfufua mtoto wa Mshunami. Aliyemtuma Naamani Yordani akarudi na ngozi safi. Sasa soma 2 Wafalme 13:14. Aliugua ugonjwa uliomuua. Imeandikwa hivyo tu, bila kuomba radhi kwa yeyote. Na baadaye maiti ya mtu mwingine ikatupwa kaburini mwake, ikagusa mifupa yake, ikafufuka. Upako ulikuwa bado umo hata kwenye mifupa ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa! Ndugu anayesema ugonjwa ni dalili kwamba upako umeondoka, akae na mstari huo wiki nzima.

Kisha Waebrania 11:35. Mstari huo una nusu mbili. Nusu ya kwanza, wanawake wanapokea wafu wao waliofufuliwa. Nusu ya pili, wengine wanateswa wasikubali kuokolewa, na mistari inayofuata ni mijeledi, gereza, mawe, upanga. Na mstari wa 39 unasema hao wote, nasema wote, walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Mtungaji hakuweka nusu ya pili kwenye sura nyingine ya watu walioshindwa.

Hata Dorkasi mwenyewe, wapendwa, hayuko Yafa leo. Alikufa tena siku nyingine, na mara hiyo Petro hakuitwa, au aliitwa na hakuja na muujiza, hatujaambiwa. Alikufa kama Lazaro alivyokufa tena. Ufufuo wa Matendo 9 ulikuwa ishara, na watu wengi wa Yafa wakamwamini Bwana kwa ajili yake. Ufufuo ambao mama yangu anaungojea ni wa namna nyingine, ule wa 1 Wakorintho 15, ambao ukitoka huo hakuna kurudi mochari.

Kuhusu dawa nisiseme mengi, Mchungaji alishafundisha mwezi wa tatu. Hezekia aliomba, akaahidiwa miaka 15, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu (2 Wafalme 20:5–7). Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Mama alikuwa akiambiwa maneno haya ya dawa na imani hucheka, anasema, "Kwani hii mikono nilijiumbia?"

Ila kuna jambo moja lazima niliguse, kwa sababu nalisikia bado. Mwishoni mama alikuwa akinywa mofini ya maji, kijiko kidogo kila baada ya saa nne, kama alivyoandikiwa. Kuna waliosema hiyo ni dawa ya kulevya, mtu wa Mungu asife akiwa amelewa. Yeye mwenyewe alikuwa amewapa wengine dawa hiyo na alijua kazi yake. Saratani ikifika kwenye mifupa na mishipa, maumivu yake hayaelezeki, na mgonjwa aliyepimiwa mofini vizuri analala, anakula kidogo, anaongea na wajukuu, anaomba. Soma Mithali 31:6. Mama yake mfalme Lemueli anamkataza mfalme kileo, kisha hapohapo anasema kipewe mtu aliye karibu kupotea na mwenye uchungu nafsini. Sura ile ile ya mke mwema! Wiki mbili za mwisho za mama, saa tatu baada ya kijiko, aliweza kuimba nasi sauti ya pili. Bila hicho kijiko alikuwa anauma shuka.

Aliyewapima wengine

Jambo la mwisho ni gumu kwangu kuliandika, na niliomba ruhusa ya ndugu zangu kwanza.

Ugonjwa uliomchukua mama ni saratani ya mlango wa kizazi. Hapa Kenya ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Inaletwa na kirusi kiitwacho HPV, na kutoka maambukizi hadi saratani hupita miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10. Katika miaka hiyo yote ukipimwa mabadiliko yanaonekana, na yanatibiwa kabla hayajawa saratani. Njia moja ya kupima ni rahisi sana: muuguzi anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, anangoja kama dakika moja, palipo na shida panageuka kuwa peupe. Mama alifunzwa kazi hiyo akiwa na miaka 46. Aliwapima wanawake wa vijiji vitatu. Baadhi yenu mnaosoma hapa ni kati yao, na wengine aliwatuma mapema mkatibiwa mkapona.

Yeye hakupimwa hata mara moja.

Tulipomuuliza, alitaja sababu tatu kwa nyakati tofauti. Kwamba kwenye zahanati alikuwa peke yake, na hakuna anayeweza kujipima. Kwamba siku ya mapumziko ilikuwa ya shamba. Na ya tatu aliniambia mimi tu, usiku, baada ya wiki tano za mionzi, mara 25, ilipojulikana kwamba ugonjwa haukusikia: wauguzi wa kituo cha jirani alikuwa amewafundisha yeye, wangali wasichana wa mafunzo, na aliona haya kulala mbele yao. Alikuwa na miaka 57 damu ilipoanza kutoka. Alijua maana yake siku ya kwanza.

Nimerudi kwa Dorkasi mara nyingi na hili. Luka anasema nguo zile alizishona alipokuwa pamoja nao. Katika mistari yote saba hakuna neno hata moja ambalo Dorkasi analisema kwa kinywa chake. Hatujui kama alimwambia mtu kwamba anaumwa. Wajane walipopanda orofani walikuwa na nguo zake. Kama kuna mmoja wao aliyewahi kumshonea yeye, Luka hakumwona.

Tuna kina Dorkasi kanisani humu. Yule dada anayepika kila mkutano. Mzee wa kanisa anayelala hospitalini na wagonjwa wa wengine. Mama Mchungaji. Walimu wa Shule ya Jumapili, na wauguzi saba nikihesabu vizuri. Wagalatia 6:2 inasema tuchukuliane mizigo, na neno lenyewe linakwenda pande zote mbili. Mtu wa namna hii ukimuuliza hali atasema niko sawa, Mungu ni mwema. Usiishie hapo. Muulize mara ya mwisho alipimwa presha lini. Mwambie utakaa na watoto wake Jumanne. Epafrodito alimhudumia Paulo mpaka yeye mwenyewe akawa karibu kufa, na Paulo hakungoja azikwe ndipo amsifu. Aliwaandikia Wafilipi wamheshimu akiwa bado hai, tena njiani anakuja (Wafilipi 2:25–30).

Kwa ushirika wa nyumbani wa Jumatano hii, kila mmoja aje na kitu kimoja cha kushika mkononi, ambacho mtu mwingine alikutendea au alikutengenezea. Kama ni sweta, lete. Kama ni barua, risiti ya karo aliyokulipia, kadi ya kliniki, lete. Mwenye kitu akiwa hai na yuko karibu, ushuhuda wake utolewe akiwepo. Viongozi, msiwaache watu waseme tu fulani ni mtu mzuri. Waulize, alifanya nini hasa?

Na dada zangu, mama zangu. Mwanamke aliye kati ya miaka 25 na 49 anapaswa kupimwa, na aliyepita umri huo akiona damu isiyo ya kawaida asingoje hata wiki. Msichana akifika miaka 10 kuna chanjo ya HPV, ilianza kutolewa nchini Oktoba 2019, haina malipo katika vituo vya serikali, mpelekeni. Idara ya akina mama imeongea na kituo cha afya kilicho karibu na soko, na Jumanne ijayo saa mbili asubuhi tutakutana kwenye lango la kanisa tuende pamoja. Njoo na kitambulisho na leso moja. Muuguzi atakayetupima si wa kutoka kwetu, hatufahamu yeyote kati yetu. Tuliomba hivyo makusudi. Wauguzi wetu saba watakuwa wa kwanza kwenye foleni, wameshakubali.